Kikombe cha Kaure na Watunzaji Wake

Kikombe cha kaure hujaribiwa kwa sikio kabla ya jicho. Kiweke juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kisha kigonge mdomoni kwa ukucha, taratibu. Kikiwa kizima hulia, na mlio wake hukawia kidogo kabla ya kufa. Chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika papo hapo, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele na umejificha chini ya ua. Baada ya hapo ndipo ukiinue kwenye mwanga wa dirisha. Kama ni kaure nyembamba utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Udongo wa kawaida, hata upakwe rangi gani, haupitishi mwanga. Mwisho kipindue usome muhuri wa takoni, lakini usiuamini haraka.

Huo ni ufundi, nami naona unastahili sifa kama ufundi mwingine wowote. Tumezoea kumsifu mfinyanzi, mchonga milango na mshona kofia. Mkusanyaji wa vikombe vya zamani tunamwona mtu aliyekosa kazi. Hebu fikiri lakini: kikombe kimetoka tanurini miaka mia na hamsini iliyopita, kikavuka bahari, kikahamishwa nyumba hadi nyumba, kikaoshwa na watu wasiohesabika, na leo kipo mezani bila pengo. Aliyekifinyanga alikishika kwa muda mfupi tu. Waliokifikisha hapa ni watunzaji, na majina yao hayakuandikwa popote.

Pwani yetu inawajua watunzaji hao tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa zidaka, safu juu ya safu, kwa chokaa iliyonakshiwa, na humo vikapangwa vyombo vya kaure. Vilikuwa pambo, vilikuwa tangazo la mali, na wako waliosema kuwa vilizuia kijicho. Kabla ya Lamu hiyo kulikuwa na Gede, karibu na Watamu, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948, vigae vya kaure ya Uchina vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomsaidia kukadiria umri wa majumba na misikiti, kwa kuwa inajulikana ni mtindo upi wa bakuli ulitengenezwa enzi ipi. Mbao huoza, chuma huliwa na kutu, nguo huisha. Kaure ikivunjika hubaki vipande, na vipande hivyo havibadiliki rangi.

Siri ya kaure ya Uchina ilikuwa udongo mweupe, kaolini, ambao jina lake limetokana na Gaoling, mahali karibu na mji wa Jingdezhen. Ukichanganywa na jiwe maalumu lililosagwa, kisha ukachomwa kwenye joto la nyuzi 1300 hivi, huyeyuka kiasi na kuwa kitu kilicho baina ya jiwe na kioo. Ulaya iliionea wivu siri hiyo kwa karne kadhaa. Miongoni mwa walioifumbua ni Johann Friedrich Böttger, kijana aliyezuiliwa na mtawala wa Saxony ili amtengenezee dhahabu. Dhahabu haikupatikana, ikapatikana kaure, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa mwaka 1710. Waingereza wakapita njia yao. Huko Stoke-on-Trent, mwishoni mwa karne ya 18, Josiah Spode alichanganya udongo na majivu ya mifupa ya ng'ombe, majivu yakawa karibu nusu ya mchanganyiko wote. Ndiyo maana kikombe cha Kiingereza ni chepesi na kigumu kwa pamoja. (Rafiki zangu wasiogusa nyama huduwaa wakisikia habari hii, kisha humalizia chai yao.)

Sasa turudi kwenye muhuri. Mafundi wa Uchina wa enzi ya Qing waliandika chini ya vyombo vyao majina ya wafalme wa enzi ya Ming iliyotangulia, wengine kwa kuwaheshimu wazee wa kazi, wengine kwa kutafuta bei. Neno "England" lina faida zaidi kwa mkusanyaji: sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka, kuanzia mwaka 1891, kila bidhaa iandikwe nchi ilikotoka, kwa hiyo kikombe chenye neno hilo kwa kawaida si cha kabla ya hapo. Na ile picha ya samawati yenye mti wa matawi yanayoinama, daraja, na ndege wawili angani, ambayo wengi huapa kuwa ni ya Kichina, ilibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Kisa cha wapenzi wawili waliogeuka ndege kilitungwa baadaye kusaidia biashara ya sahani. Kizuri, lakini ni cha dukani.

Wauzaji wa vitu vya kale hupenda kukuonyesha vyenye mstari wa dhahabu. Mimi huulizia vilivyo nyuma, vile wanavyovidharau: bakuli na vikombe vya bei rahisi vya karne ya 19 kutoka Maastricht, Uholanzi, kwenye viwanda kama cha Petrus Regout, ambavyo viliuzwa kwa wingi hadi huku kwetu. Maua yake hayakuchorwa kwa brashi. Sponji ilikatwa umbo la ua, ikachovywa rangi, ikagongwa juu ya chombo, tena na tena, mpaka mduara ukatimia. Ninalo bakuli dogo moja lenye maua mekundu na majani ya kijani. Ukilizungusha polepole utaona ua la kwanza limekolea, la pili limepungua, la tatu limefifia, kisha ghafla rangi inakolea tena: hapo mfanyakazi alichovya upya. Mahali duara linapokutana nafasi ilimwishia, akalibana ua la mwisho likapanda juu ya jani la mwenzake. Hakuna kikombe cha mfalme kitakachokuonyesha haraka ya mtu aliyelipwa kwa idadi ya vyombo. Hili silibadilishi kwa kaure ya Meissen, na aliyeniuzia alidhani amenipunja.

Utunzaji wenyewe una adabu zake. Osha kimoja kimoja, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, kwa maji ya uvuguvugu, ukiwa umevua pete na bangili. Usikinyanyue kwa mkono wake. Mkono uligandishwa baadaye, na hapo ndipo kikombe kizee kinapoachia kwanza. Beba kwa viganja viwili, kwa tako. Usikitundike kwenye ndoano, wala usivipande vikombe kimoja juu ya kingine, maana uzito wote huangukia mdomo wa kile cha chini. Doa la chai litoe kwa kukiloweka katika maji ya magadi, ila kisiwe chenye dhahabu, kwa sababu dhahabu ya mdomoni haina mizizi na hutoka kwa kusuguliwa. Jiki iache kwa mashuka. Ikiingia kwenye nyufa ndogondogo za utando wa juu haitoki tena, na siku moja utando utaanza kubanduka. Kabla ya kumimina chai ya moto, suuza kikombe kwa maji ya vuguvugu, kipate kujiandaa.

Kikivunjika je? Zamani, Uchina na Uingereza, walikuwepo mafundi waliotoboa vitundu kando ya ufa kwa kekee ya almasi na kuushona kwa vikwasi vya chuma. Gundi za siku hizi zimewapunguza sana. Ukikuta kikombe kilichoshonwa hivyo, muuzaji atakushushia bei, nawe chukua upesi. Kuna mtu alikipenda kiasi cha kulipa fundi badala ya kununua kingine.

Jambo moja nagombana nalo, nalo ni kabati la kioo. Nyumba zetu nyingi zina vyombo vya wageni, na mtoto akithubutu kufungua mlango wa kabati sauti hutoka jikoni kabla hajagusa kitu. Wageni wenyewe wakija huletewa chai kwenye vikombe vya melamini, kwa kuwa hawakuwa wageni wa kutosha. Kaure haichakai kwa kutiliwa chai. Huchakaa kwa kuoshwa vibaya na kwa kuanguka. Wazee walilijua hilo. Visahani vya zamani vina kina kwa sababu chai ilimiminwa humo ipoe, ikanywewa humo humo, na bado wapo wanaokunywa hivyo Mombasa na Unguja bila kumwomba mtu radhi. Mwalimu wa kombe naye alihitaji sahani nyeupe, laini, isiyonyonya, apate kuandika aya kwa wino wa zafarani, kisha aioshe kwa marashi na mgonjwa anywe. Vyombo hivyo vilikuwa kazini. Toa chako Ijumaa moja, utie chai ya tangawizi na hiliki, ukipange na mahamri na mbaazi, na mgeni wa kwanza awe wewe mwenyewe.

Kuna vyombo, hata hivyo, ambavyo mahali pake si mezani wala kabatini. Waswahili walipachika bakuli na sahani za kaure kwenye makaburi ya wakubwa wao: katika nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini ya Malindi, na kwenye makaburi ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, na kwingineko. Leo ukiyatembelea baadhi ya makaburi hayo utakuta matundu ya duara tu. Bakuli zimeng'olewa kwa patasi, nyingine zikavunjika katika kung'olewa, na zilizopona zikaingia sokoni. Sheria za Kenya na za Tanzania zinakataza wizi huo, lakini sheria haisimami kila kaburini, na mwizi hang'oi kitu kisicho na mnunuzi. Mnunuzi ni sisi, tunaojiita wapenzi wa kaure. Kwa hiyo ukiletewa bakuli la kale, hata liwe zuri namna gani na bei iwe ya kuokota, lipindue kwanza. Ukiona mabaki ya chokaa yameganda mgongoni au kwenye pete ya tako, usilinunue, na mpe habari mtu wa makumbusho aliye karibu nawe.