Uyoga Unaolika

Nilikutana na neno la Kiingereza "permissible" huko Kakonko, kwenye karatasi niliyoombwa niwasomee wanakijiji kwa Kiswahili. Ilitaja mambo wanayoweza kufanya ndani ya msitu wa hifadhi: kutundika mizinga, kuokota kuni kavu, kuchuma uyoga, kukata miti ya kujengea. Nikasoma bila kusita: "Shughuli zilizoruhusiwa." Mama mmoja aliyeketi mbele akauliza papo hapo, "Zimeruhusiwa na nani, mwanangu? Lini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa nalo mzee aliyekaa kando yangu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwageuzia wazee maneno yetu kwa Kiha. Aliichukua karatasi, akaisoma kimya, akaisoma tena. "Hazijaruhusiwa," akaniambia. "Zinaruhusika. Uyoga unaolika si uyoga ulioliwa." Kisha akawageukia watu, akazungumza kwa Kiha kirefu kuliko sentensi yangu mara tatu: sheria haijafunga mlango kwa mambo haya, ila anayetaka kukata mti atangulie kuomba kibali.

Tofauti nzima ilikuwa katika herufi chache. Ukisema "imeruhusiwa" umedai kwamba yupo aliyeruhusu, ndiyo maana mama yule akamuulizia. Ukisema "inaruhusika" umezungumzia hali ya jambo lenyewe, kama njia inayopitika au mzigo unaobebeka. Najua kwamba mitaani tunasema "inaruhusiwa" kwa yote mawili na tunaelewana. Msituni si mitaani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayekata miti katika hifadhi, na mtu aliyeingia na shoka kwa kuamini tafsiri yangu angejikuta mbele ya hakimu.

Tangu siku ile nimelitafakari sana neno ruhusa. Tulilipata kwa Waarabu, na kwa asili ni ndugu wa rahisi. Mzizi wake una maana ya wepesi. Katika fikihi, rukhsa ni nafuu anayopewa mwenye dhiki: msafiri hupunguza sala, mgonjwa hufungua mchana wa Ramadhani. Watanzania walipomwita Rais Ali Hassan Mwinyi Mzee Ruksa, kwa jinsi alivyolegeza masharti ya biashara katika miaka ya 1985 hadi 1995, walilirudisha neno kwenye wepesi wake wa kale. Halali ni zito zaidi, kwa kuwa hugusa dhamiri ya mtu. Kibali nacho kina muhuri na tarehe ya mwisho.

Wakimbizi wa Burundi walioishi kambi ya Mtendeli, hapo hapo Kakonko, hadi ilipofungwa mwaka 2021, walilijua neno kibali kuliko sisi. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kutoka kambini kunahitaji kibali. Kiha na Kirundi husikilizana, kwa hiyo mkalimani wa nyanda hizi za juu anaweza kumweleza Mrundi jambo hilo bila kupitia Kiswahili. Lakini ukaribu huo una mitego yake, maana neno linalofanana si lazima libebe uzito uleule, na mkalimani mzuri hulipima kila mara kama analisikia kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila "permissible" iliyomo inamsubiri mtu mwenye subira ya mzee yule, atakayesoma mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Ustadi wake hauonekani. Akipatia, watu hurudi nyumbani wakidhani karatasi ndiyo iliyokuwa wazi.

Mzee yule hakulipwa chochote siku ile zaidi ya soda. Ninyi mnaoleta karatasi vijijini, Kakonko, Kibondo, Kasulu na kwingineko, mpeni mkalimani karatasi hiyo siku moja kabla ya mkutano, na mumlipe.