Risasi Iliyogoma na Namna ya Kuisoma

Anayezijua risasi za .22 hutambulika siku zinapogoma. Triga imevutwa, pini imegonga, umesikika mlio mkavu wa chuma na hakuna kilichotoka. Asiyejua huvuta bolti pale pale, huitupa risasi chini na kukilaani kiwanda. Mjuzi huuacha mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha na kusubiri nusu dakika nzima, maana fataki iliyochelewa kuwaka bado inaweza kuwaka. Ndipo huifungua bolti taratibu, uso ameuweka pembeni, na kuitoa risasi. Kisha huigeuzia kwenye mwanga na kukitazama kitako chake. Sehemu kubwa ya jibu iko pale.

Ninayoizungumzia ni .22 Long Rifle, iliyotolewa na kampuni ya Stevens ya Massachusetts, Marekani, mwaka 1887. Mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya bunduki ya mita 50 katika Olimpiki, na pia katika biathloni, mchezo wa majira ya baridi unaounganisha mbio za ski na kulenga shabaha. Ganda lake la shaba lina urefu wa milimita 15.6, kichwa chake cha madini ya risasi kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na baruti yake ni karibu gramu 0.1 tu. Risasi za bunduki kubwa zina kifuniko cha fataki katikati ya kitako. Hii haina. Fataki yake imefichwa ndani ya mkunjo wa ukingo, ikizunguka kitako chote, na pini huuponda ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba. Ili ukingo upondeke, shaba lazima iwe nyembamba. Na kwa kuwa umeshapondwa na fataki imeungua ndani ya mkunjo, ganda likishatumika mara moja limekwisha kazi.

Sifa na kasoro za risasi hii huzaliwa kwenye hatua moja kiwandani. Mchanganyiko wa fataki huwekwa ndani ya ganda tupu ukiwa mbichi, kidonge kidogo chenye unyevu. Ganda huzungushwa kwa kasi ili mchanganyiko usambae na kuingia mpaka ndani kabisa ya mkunjo, halafu huachwa ukauke. Kidonge kikiwa pungufu, au kikiwa kimeanza kukauka kabla ya kuzungushwa, sehemu ya duara hubaki tupu. Pini ikiangukia kwenye pengo hilo, hakuna nguvu ya kuigongea itakayoiwasha. Risasi mbili zilizotoka boksi moja zinaweza kufanana kwa kila kitu kinachoonekana, moja imejaa duara zima na nyingine ina pengo la robo. Ndiyo sababu mng'aro wa shaba na urembo wa boksi haviniambii kitu.

Sasa turudi kwenye kitako. Alama nzuri ya pini ni shimo lenye kina, kingo zake zimekatika wazi, na limefika karibu kabisa na mwisho wa ukingo. Alama iliyokaa ndani mno, kuelekea katikati ya kitako, imegonga mahali pasipo na fataki ya kutosha, na hiyo ni hitilafu ya pini au ya bolti. Alama iliyofifia, mkwaruzo tu usio na kina, nayo inaishtaki bunduki. Alama yenye kina iliyokaa mahali pake, na bado risasi haikulipuka, ndiyo ya kwanza inayotoa haki ya kukishuku kiwanda.

Hapo kuna kipimo rahisi ambacho wapigaji wengi hawakitumii ipasavyo. Baada ya kusubiri, na kama msimamizi wa uwanja anaruhusu, risasi hurudishwa chembani mara moja tu, ikiwa imezungushwa nusu duara ili pini iguse sehemu mpya ya ukingo. Ikilipuka, palipogongwa kwanza palikuwa na upungufu wa fataki. Lakini risasi iliyolipuka kwa kugongwa mara ya pili mahali pale pale ina habari nyingine kabisa: fataki ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba risasi haikuwa imekaa hadi mwisho wa chemba, kwa hiyo pigo la kwanza lilitumika kuisukuma mbele na la pili ndilo lililouponda ukingo. Au pini ni dhaifu na ilihitaji mapigo mawili kufanya kazi ya moja. Nimewasikia watu wakisema "risasi mbovu hizi, kila moja mpaka uigonge mara mbili". Maneno hayo hayo ndiyo ushahidi kwamba risasi ni nzima.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kulinganisha. Usiipime alama ya risasi iliyogoma kwa kutazama maganda yaliyolipuka. Shinikizo la mlipuko hulisukuma ganda nyuma, likabanwa kwenye uso wa bolti, na sura ya shimo hubadilika. Linganisha iliyogoma na iliyogoma. Zikusanye, zipange kwa mstari, uone kama kasoro inajirudia. Alama zote zikiwa hafifu kwa namna moja, bunduki imejieleza. Zikiwa zote na kina kizuri, fanya mabadilishano: risasi za boksi hilo kwenye bunduki ya mwenzako, na risasi za boksi lingine kwenye yako. Hakuna hoja inayoshinda kipimo hicho.

Kwa upande wa bunduki, adui mkubwa ni uchafu, na uchafu wa .22 una tabia yake. Vichwa vya .22 hupakwa nta au grisi, na wakati mwingi ni madini ya risasi matupu yasiyovikwa kitu. Kila mlipuko huacha masizi na nta kwenye chemba, hasa pale ganda linapoishia, mpaka unajijenga mviringo mgumu unaozuia risasi inayofuata kuingia hadi mwisho. Ukifunga bolti ukahisi inakataa kidogo mwishoni, mviringo huo ndio unaoongea. Brashi kavu kwenye mtutu haitoshi. Chemba inataka kusafishwa peke yake, kwa dawa na kitambaa kilichobana. Uso wa bolti nao usafishwe, na kijia cha kikucha kinachovuta ganda pia, maana chembe ndogo za masizi zilizoshindiliwa hapo zinatosha kuizuia bolti isifunge sawasawa. Ndani ya bolti, pini na springi yake zinataka kuwa karibu kavu. Mafuta mengi ya zamani hugeuka ulimbo, na pini inayopita kwenye ulimbo hufika imechoka.

Kuna kasoro nyingine ambayo haisafishiki. Bunduki nyingi za zamani za .22 zikifyatuliwa tupu, pini hugonga moja kwa moja kwenye mdomo wa chemba, na baada ya muda chuma hubonyea na kuota kijino kinachoelekea ndani. Kijino huikwaza risasi inapoingia, na bonyeo huunyima ukingo mahali pa kujiegemeza wakati pini inapoponda. Ili kukitambua, chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kipitishe polepole kuzunguka mdomo wa chemba tupu. Nyuzi za pamba zikinasa mahali pamoja, tena pale pale pini inapoangukia, umekipata. Fundi wa bunduki ana kifaa maalumu cha kukisukuma chuma kirudi mahali pake. Usikubali mtu akikate kwa tupa.

Bunduki zinazojipakia zenyewe zina kesi yao, nayo nitaipitia upesi. Ganda linapokwama njiani au bolti inaporudi nusu, watu husema risasi imegoma, kumbe imelipuka vizuri. Mara nyingi ni risasi za mwendo wa chini zisizo na msukumo wa kuirudisha bolti, au magazini iliyochoka. Hapo badilisha aina ya risasi kabla hujabadilisha bunduki.

Baridi inastahili maelezo marefu zaidi, na hapo biathloni ndiyo mwalimu. Mashindano yake hayaanzi hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini hata juu ya kiwango hicho mafuta ya kawaida huganda ndani ya bolti, na nta ya kichwa hugeuka kitu kigumu kinachokwaruza. Mwanariadha anafika uwanjani moyo ukimdunda, ana shabaha tano mbele yake umbali wa mita 50, kila moja yenye kipenyo cha milimita 45 akilala na milimita 115 akisimama. Risasi moja ikigoma, mdundo wake wote umevurugika. Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza risasi za baridi zenye mafuta ya aina yake, na mafundi wa timu huzijaribu kwenye baridi yenyewe, kwani matokeo ya ukumbi wenye joto hayawatoshi. Anayesifu risasi kwa jinsi zilivyofanya kazi siku za joto bado hajazijua.

Risasi njema basi inatambulikaje? Mimi huanza kwa vidole. Shika ganda, jaribu kukizungusha kichwa taratibu. Kikicheza, mkunjo wa mdomo wa ganda ni dhaifu, na shinikizo litatofautiana kila pigo. Tazama nta: iwe tabaka moja sawia, pasiwe na madonge upande mmoja na ukavu upande mwingine. Vichwa vyenye ukungu mweupe au maganda yenye kutu ya kijani vimekaa vibaya ghalani, na siwezi kuziamini risasi hizo kwa shindano.

Baada ya vidole ni kasi. Risasi nyingi za mashindano husafiri chini ya kasi ya sauti, karibu mita 325 kwa sekunde, na kinachotafutwa ni kila moja kufanana na mwenzake. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili, kwa umbali wa mita 50, huishusha moja takribani milimita 7 chini ya nyingine. Duara la kumi kwenye shabaha ya Olimpiki lina kipenyo cha milimita 10.4. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini fataki isiyosambaa sawa ni hasara hata pale inapolipuka: mwako dhaifu huiwasha baruti kwa uvivu, na risasi huanguka chini ya wenzake bila mpigaji kukosea chochote. Kugoma ni kilele cha kasoro ambayo ilikuwa imeanza kuonekana kwenye karatasi. Ukiona matundu yanashukashuka bila sababu, ujue boksi hilo linaweza kukugomea.

Kwa hiyo nunua kwa namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, jina la kampuni lifuate baadaye. Kampuni ya Eley huko Birmingham, Uingereza, na ile ya Lapua kwenye kiwanda chake cha Schönebeck, Ujerumani, huwapokea wapigaji waje na bunduki zao, zikafungwa kwenye kishikio na kujaribiwa toleo baada ya toleo, kisha mpigaji akanunua shehena ya lile lililopendwa na mtutu wake. Asiye na nafasi hiyo anunue boksi mojamoja la matoleo tofauti, ajaribu, arudi haraka dukani kwa lile lililofaulu kabla halijaisha. Wapo wanaopima unene wa ukingo wa kila risasi na kuzitenga mafungu. Kwa risasi nzuri faida yake ni ndogo, na kwa risasi rahisi kazi hiyo haizibi pengo la fataki.

Kuhusu idadi ninayoivumilia: risasi rahisi za boksi la mia tano, moja kugoma hapa na pale ni sehemu ya bei. Risasi za mashindano zikigoma mbili ndani ya boksi moja la 50, ninasimama na kuanza na chemba.

Lipo jambo lisilosubiri uchunguzi. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, kama pumzi, na karatasi haina tundu jipya, acha kabisa. Kichwa huenda kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Ondoa risasi zote, toa bolti, tazama mwanga kupitia upande wa chemba. Usipouona, kazi ya siku hiyo imeisha na bunduki inakwenda kwa fundi.

Zihifadhi risasi kwenye boksi lake, mahali pakavu na penye ubaridi. Anayeishi Mombasa au Tanga anajua hewa ya chumvi inavyoitenda shaba, na chombo kinachofunga vizuri chenye pakiti za kunyonya unyevu hakigharimu sana. Mafuta yanayopenya, yale ya kulegeza nati zilizoshika kutu, yakae mbali na risasi, kwa maana huingia taratibu kati ya kichwa na ganda na huweza kuiua fataki. Hata hivyo usiyategemee kuzizima zilizogoma, kwani nyingine hubaki hai. Risasi iliyogoma haitupwi kwenye pipa la taka wala haipasuliwi nyumbani. Viwanja vya kulenga shabaha huwa na chombo cha kuzikusanyia. Kabla hujaitumbukiza humo, iandike kwenye daftari: namba ya toleo, hali ya hewa, kina cha alama, na ilipogongwa.