Kigari cha Mtumba, Kiti Kipya: Hesabu ya Mzazi wa Busia na Malaba

Kigari cha mtoto na kiti chake cha gari huuzwa pamoja, mara nyingi kwa rangi moja na kwa muuzaji mmoja, na mzazi wa mara ya kwanza huvichukulia kama pacha. Si pacha hata kidogo. Ubovu wa kigari huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Ubovu wa kiti unaweza kujificha ndani ya plastiki miaka mingi na kujitokeza siku ya ajali. Katika miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, ambako bidhaa za watoto huja mpya kutoka China na mitumba kutoka Ulaya na Marekani, tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua pesa iende wapi.

Kabla ya kutazama bidhaa yoyote, mzazi ahesabu safari. Ratiba ya chanjo ya Kenya inampeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18, mbali na siku yenyewe ya kutoka wodini. Kwa mkazi wa Malaba au Amagoro, kliniki yenyewe huenda ni hospitali ya Kocholia. Kwa mkazi wa Busia mjini, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Hizo ni safari fupi, za miguu, tuktuk au bodaboda. Halafu kuna zile ndefu: Busia hadi Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kupitia Bumala, Ugunja, Luanda na Maseno, au Malaba hadi Eldoret kupitia Bungoma na Webuye, bega kwa bega na matrela ya Kampala. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini, 80 kwa magari ya abiria na hadi 110 kwa gari la binafsi. Kigari ni cha safari za kwanza. Kiti ni cha hizi za pili, na humo ndimo maisha ya mtoto yanamowekwa rehani.

Tuanze na kigari, kwa sababu ndicho kinachopendeza macho kwanza.

Aina inayopatikana kwa wingi ni ile ya kukunjwa kama mwavuli. Ilibuniwa na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyekuwa ameshughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Mwaka 1965 alichukua ujuzi huo wa alumini nyepesi na viungo vya kukunja akaunda fremu isiyofika kilo 3, inayobebeka kwa mkono mmoja kuingia basi au ndege. Ulikuwa uhandisi wa kupendeza, lakini ulibuniwa kwa ajili ya njia za miguu zilizosakafiwa. Gurudumu lake dogo lina kipenyo cha sentimita kumi na kitu tu. Gurudumu hupanda kizuizi kwa shida kadiri kimo cha kizuizi kinavyokaribia nusu ya kipenyo chake. Kwa hiyo kokoto ya murram au ukingo wa lami iliyomomonyoka, ambao tairi kubwa lingeupita bila taabu, hukisimamisha kigari hicho ghafla na kumrusha mtoto mbele. Pembeni mwa barabara kuu ya Malaba, kati ya matrela yaliyoegeshwa na mtaro, na hasa mvua za Machi hadi Mei zikishanyesha, magurudumu hayo madogo hayana kazi.

Kinachofaa hapa ni kigari cha magurudumu makubwa, ikiwezekana yenye upepo. Wengi huogopa pancha. Hofu hiyo ingekuwa na msingi katika mji usio na mafundi, lakini Busia ni mji wa baiskeli. Usafiri wa bodaboda wenyewe ulianzia mpakani hapa miaka ya 1960, kwa baiskeli. Magurudumu mengi ya aina hii yana kipimo cha inchi 12, sawa na baiskeli ndogo ya mtoto, hivyo tyubu yake hupatikana kwa muuza vipuri na kiraka chake kwa fundi yeyote wa barabarani. Mzazi asome kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni mgongo. Mtoto wa chini ya miezi 6, ambaye hajaweza kuketi mwenyewe, anahitaji kulala chali, sawasawa. Akiwekwa kwenye kiti kilichoinama, kichwa chake kizito huangukia kifuani na njia ya hewa hubana. Vigari vingi vya mwavuli havilazi kiegemeo hadi chini. Basi kwa mtoto mchanga havifai hata kama vimeng'aa. Na jua likiwaka, kigari kisifunikwe gubigubi kwa leso au blanketi. Hewa hukwama ndani na joto hupanda upesi kuliko mama anavyodhani. Kivuli cha kofia ya kigari kinatosha, upande mmoja ukiachwa wazi.

Ukaguzi wa kigari cha mtumba hauchukui muda mrefu. Kikunjuliwe, kisha kitikiswe kwa nguvu kuona kama kufuli ya fremu inashika. Vigari vizuri vina kufuli mbili, ili moja ikiachia nyingine ibaki. Viwekwe ndani vifurushi vitano vya unga wa kilo 2, breki ikazwe, na kigari kiachwe kwenye mteremko kikielekea chini. Kikisogea, kirudi kwa mwenyewe. Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya mapaja. Viungo vya kukunja vitazamwe kwa makini, kwa maana hata jina kubwa si kinga. Mwezi Novemba 2009 kampuni ya Maclaren yenyewe iliita virudishwe vigari takribani milioni 1 nchini Marekani, baada ya taarifa za watoto 12 kukatika ncha za vidole kwenye bawaba za pembeni. Dawa yake ilikuwa kifuniko cha kitambaa juu ya bawaba. Anayenunua mtumba wa chapa hiyo aulize kifuniko kiko wapi.

Kigari kikifaulu majaribio hayo, mtumba ni ununuzi wa busara. Fremu imara, kitambaa kinachofulika, breki inayoshika: hakuna la zaidi lililojificha. Na pale ambapo kigari hakipiti, kama vile kwenye msongamano wa wavukaji mpaka au kwenye ngazi, leso mgongoni inaendelea kufanya kazi iliyoifanya siku zote.

Kiti cha gari ni hesabu nyingine kabisa.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga trela lililosimama, mwendo wote huo huishia ndani ya sehemu kama moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 5 aliyepakatwa atavutwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 70. Hakuna mikono inayoshika mzigo huo, hata iwe ya mama mwenye mapenzi na nguvu kiasi gani. Kumwingiza mtoto ndani ya mkanda mmoja na mama ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mama humkandamiza dhidi ya mkanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiti sahihi hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa takribani asilimia 70.

Siri ya kiti cha mtoto mchanga ni mwelekeo wake. Kichwa cha mtoto ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado haijaungana. Akitazama mbele, mikanda huzuia mabega huku kichwa kikichomoka, na shingo ndiyo inayobaki ikivutwa. Akitazama nyuma, ganda la kiti hupokea kichwa, mgongo na nyonga kwa pamoja. Profesa Bertil Aldman wa Uswidi alipata wazo hilo alipoona wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini wakilala chali kupokea msukumo wa roketi. Mwaka 1964 kiti chake cha kwanza cha kutazama nyuma kilijaribiwa ndani ya gari la Volvo.

Ulaya iliandika sayansi hiyo kuwa kanuni, na kanuni hiyo husomeka kwenye lebo ya rangi ya chungwa iliyobandikwa chini au nyuma ya kiti. Ndani ya duara kuna herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Lebo ya kanuni ya zamani, R44, hupanga watoto kwa uzito, na kiti cha mtoto mchanga kinachofika kilo 13 huitwa kundi 0+. Namba ndefu ya idhini ikianza na 01 au 02, kiti hicho ni cha kizazi ambacho Ulaya ilipiga marufuku hata kutumiwa tangu 2008. Kanuni mpya, R129, iliyoanza 2013, hupanga kwa urefu wa sentimita, iliongeza jaribio la kugongwa ubavuni, na inalazimisha mtoto atazame nyuma hadi angalau miezi 15. Tangu Septemba 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayauzi tena viti vya R44. Mnunuzi wa mitumba basi atarajie kukutana navyo zaidi.

Viti vya Marekani havina E. Huwa na kifungo cha kifuani kinachounganisha mikanda miwili ya mabega, maandishi yanayotaja sheria ya shirikisho, na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 10 tangu kutengenezwa. Vina faida moja kubwa kwa msafiri wa matatu. Kwa miaka mingi jaribio la Marekani lilifanywa kwa mkanda wa nyonga peke yake, kwa hiyo viti vingi vya wachanga vya huko hufungika kwa mkanda wa ncha mbili, aina inayokutwa kwenye viti vingi vya matatu tangu Sheria za Michuki za 2004 zilipolazimisha mikanda. Viti vingi vya Ulaya hudai mkanda wa ncha tatu.

Kwa nini basi kisinunuliwe mtumba? Kiti hutengenezwa kuumia mara moja. Katika ajali plastiki hupinda, povu hubonyea na nyuzi za mkanda hunyooka, kisha vyote hurudi kuonekana vizima. Muuzaji hajui kilikotoka, na mnunuzi hana kipimo cha kukigundua. Tena kuna viti vilivyoitwa virudishwe na watengenezaji: mwaka 2014 kampuni ya Graco iliita zaidi ya milioni 6 nchini Marekani kwa sababu vifungo vyake vilikuwa vigumu kufunguka. Kiti cha namna hiyo kikiingia kwenye rundo la mitumba, taarifa haiandamani nacho. Mtumba unaokubalika ni mmoja tu: kiti cha ndugu au rafiki anayeaminika, anayejua hakijapata ajali, kikiwa na lebo, tarehe na kijitabu chake.

Baada ya kununua kuna kufunga, na hapa ndipo kiti kizuri huharibiwa. Mzazi aende dukani na gari lenyewe. Kiti kikae nyuma. Kikiwekwa mbele ambako kuna mfuko wa hewa unaofanya kazi, mfuko ukifumka utapiga ganda la kiti kwa nguvu ya kuua. Kwenye kiti cha Ulaya, mkanda upite kwenye alama za buluu, ambazo ni za kutazama nyuma. Nyekundu ni za kutazama mbele. Kisukumwe kwa mkono pale mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto itoke usawa wa mabega au chini kidogo, ikazwe mpaka vidole visiweze kukunja utepe wake, na blanketi liwekwe juu ya mikanda, kamwe si chini yake. Magari mengi ya karibuni kutoka Japani yana vyuma viwili vya ISOFIX kati ya kiegemeo na kikalio; mkono ukivigusa, kiti cha ISOFIX ni rahisi zaidi kufunga bila kosa. Kuhusu muda, mtoto mchanga wa wiki za kwanza asikae humo zaidi ya nusu saa kwa mfululizo, na mkubwa kidogo asizidi saa mbili. Safari ya Kisumu ina kituo cha lazima njiani.

Anayevuka kununua upande wa Uganda akumbuke ushuru. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Afrika Mashariki, wenye kikomo cha dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Kigari cha China kilichonunuliwa Kampala hakiingii humo, na forodha inaweza kukitoza. Risiti itunzwe, na ushuru uhesabiwe kabla bei haijaitwa nafuu.

Hukumu ni hii. Familia yenye gari, au inayokodi gari kwenda Kisumu na Eldoret, inunue kwanza kiti kipya cha kutazama nyuma, chenye lebo kamili, kilichojaribiwa kwenye gari litakalotumika. Kigari cha mtumba kifuate pesa ikibaki. Familia isiyo na gari, ambayo safari zake ni za kliniki na sokoni, itosheke na leso na kigari cha magurudumu makubwa, na itafute kiti cha kuazima kwa mtu inayemjua siku ya safari ndefu. Pikipiki haina kiti kinachoweza kumlinda mtoto mchanga, kwa hiyo kwa familia zote mbili safari ya kliniki iwe ya miguu, tuktuk au gari.