Mabati na Daftari: Uhakiki wa Elimu ya Muziki Sekondari

Jina la Gikundamvura, kwetu wilayani Rusizi, limebeba ndani yake neno la Kinyarwanda lenye maana ya mvua. Mvua hiyo ikipiga mabati ya darasa, mwalimu hunyamaza na kwaya husimamisha mazoezi. Naanza na mabati kwa sababu somo la kurekodi sauti lingepaswa kuanzia hapo: kutambua sauti inayoingia kwenye maikrofoni bila kualikwa.

Hoja ninayoihakiki ni hii: kwamba Rwanda imekwisha kulipatia jibu suala la elimu ya muziki kwa kuanzisha shule maalumu. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2014 shule ya muziki ilifunguliwa Nyundo, wilayani Rubavu, na baadaye ikahamia Muhanga. Waliopitia humo, wakiwemo Igor Mabano, Yverry na Ariel Wayz, wanasikika redioni. Anayedai kwamba muziki haufundishiki shuleni amekwisha kujibiwa.

Hata hivyo, shule hiyo huchukua wanafunzi kwa usaili, na usaili humchagua aliyekwisha kuonyesha kipaji. Kijana wa Gikundamvura hufika Muhanga kwa kuvuka msitu wa Nyungwe na kupita Huye, wengi hawatafika. Wanaobaki ndio waimbaji wa kwaya na watumbuizaji wa harusini. Nao hurekodi nyimbo, ila hawajui wanachonunua.

Haya nimeyaona mwenyewe. Kwaya niliyoimba nikiwa sekondari ilichanga pesa kwa miezi kadhaa, tukaenda studio moja mjini. Tulirudi na wimbo mmoja wa MP3 ndani ya simu. Mwaka uliofuata tulitaka kuinua sauti ya pili, iliyokuwa chini mno. Tukaambiwa kompyuta imeharibika, na rekodi ya kila sauti peke yake imepotea. Hatukuwa na nakala wala karatasi yoyote ya makubaliano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa halikuwa la produsa peke yake. Hakuna aliyetufundisha kwamba dakika moja ya rekodi yenye ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10, ilhali MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu 1 tu, na kilichopunguzwa hakirudi. Wala hatukujua kwamba wimbo mmoja hubeba haki zaidi ya moja: ya mtunzi, ya waimbaji na ya mwenye rekodi. Sheria ya haki miliki ya mwaka 2009 ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ulinzi huo utamfaa nini asiyeweza kuonyesha kwamba wimbo ni wake?

Wapo watakaopinga kwa kusema shule za vijijini hazina vifaa. Ni kweli, studio ni ghali. Lakini mengi ninayoyataja hayahitaji studio. Magodoro ya bwenini yakisimamishwa ukutani hupunguza mwangwi. Simu ya mwalimu inatosha kuwaonyesha wanafunzi jinsi sauti inavyokwaruza mwimbaji anapoikaribia mno. Daftari la kawaida hutosha kuandikia tarehe, mtunzi, waimbaji na mgawo wa mapato. Tena somo la ujasiriamali tayari limo katika mtaala wetu wa sekondari. Linaweza kuuchambua mkataba wa studio kama linavyochambua hati ya mauzo.

Kwa hiyo, nakubali kwamba shule maalumu inahitajika. Nisichokubali ni kwamba inatosha. Muhanga na iendelee kulea wanamuziki. Shule nyingine zote zinadaiwa jambo dogo zaidi: mwanafunzi amalize akijua kusikiliza, kutunza nakala ya kazi yake, na kusoma kabla ya kutia sahihi.