Kinanda cha Bei Mbaya, Spika ya Honi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilosa. Nikapita mazoezi ya kwaya, nikakuta ubishi mkali. Mpiga kinanda anataka ichangwe hela ya kununua Yamaha Genos. Mweka hazina anauliza, hiki tulicho nacho kina ubaya gani? Wakanigeukia: "Wewe si unasoma fizikia huko chuoni? Haya, tuambie." Michango yenyewe ni hela ya mpunga na ufuta, hivyo sikutaka kujibu kimzaha.

Tuanze na bei. Genos ilitoka mwaka 2017 ikiuzwa zaidi ya dola 5,000 za Marekani. PSR-E373, kinanda cha wanaojifunza cha kampuni hiyohiyo, kilikuwa kikiuzwa kama dola 200. Kwa bei ya kimoja unabeba zaidi ya ishirini vya kingine. Je, sauti nayo ni nzuri mara ishirini?

Nimtendee haki mpiga kinanda: kuna vitu vya kweli unavyolipia. Vinanda hivi havina nyuzi ndani. Kwa sehemu kubwa vinacheza rekodi fupi za ala halisi. Piano halisi ukiigonga kwa nguvu, sauti haiwi kubwa tu, inabadilika na rangi yake. Kinanda cha bei kubwa kina rekodi nyingi zaidi za noti ileile, ikigongwa taratibu, wastani na kwa nguvu. Pia kuna idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja: E373 ni 48, Genos 256. Washa mdundo, weka besi na violini, kanyaga pedali. Hizo 48 zinaweza kuisha, na noti zilizotangulia zikaanza kukatwa. Sikio lililozoea linasikia.

Sasa tatizo. Genos haina spika zake ndani. Sauti yote itapita kwenye vyombo vya kanisa, na vyetu ni amplifaya ya zamani na spika za honi. Do ya chini kabisa kwenye kinanda cha vitufe 61 ni takriban hezi 65. Honi nyingi huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 300 hivi, kwa sababu zimetengenezwa kupeleka maneno mbali, si besi. Halafu sauti inagonga mabati na kuta tupu, inarudi mara kadhaa, na zile tofauti ndogo tulizolipia zinafunikwa. Maji safi ukiyapitisha kwenye bomba lenye kutu, mnywaji anakunywa kutu.

Je, Genos ni wizi? Hapana. Mtu anayepiga peke yake kwenye hoteli za Mikumi, akiwa ndiye bendi nzima, na spika nzuri anazo, kwake hicho ni kitendea kazi na kinaweza kurudisha hela yake. Kosa ni kudhani kitamfaa kila mtu vilevile.

Ushauri wangu kwa kwaya: nunueni kinanda cha kati, hela kubwa iende kwenye spika, na msisahau stabilaiza, maana umeme ukiyumba haujali kinanda ni cha bei gani.

Kama bado mnabisha, pimeni. Azimeni kinanda kizuri, kiwekeni na chenu nyuma ya pazia, vyote vipite kwenye spika zilezile. Sawazisheni ukubwa wa sauti, kwa sababu chenye sauti kubwa kidogo huonekana kizuri zaidi. Wasikilizaji wasikie kwanza kila kimoja wakijua ni kipi. Kisha rusheni shilingi mara kumi kuamua kipi kipigwe, na kila mtu akae kwenye benchi aandike alichosikia. Anayebahatisha atapata kama tano. Kupata tisa au kumi kwa bahati tu ni nadra, nafasi 11 kati ya 1,024. Mkipata wengi wa hivyo, mpiga kinanda ana hoja, changeni.

Mweka hazina alifurahi. Mpiga kinanda alinuna kidogo, kisha akasema siku ya jaribio apige mwingine; yeye atakaa kwenye benchi.