"Data" na "Takwimu": Istilahi Mbili Zisizofaa Kuchanganywa

Miongoni mwa istilahi za jiografia zinazohitaji kutazamwa upya ni neno "takwimu". Mara nyingi darasani neno hili hutwishwa mizigo miwili: mambo aliyoyaandika mwanafunzi uwandani, na hesabu zilizofanywa baadaye kutokana na mambo hayo. Matumizi haya hayafai, maana yanaificha kazi yenyewe inayofundishwa.

Tuseme wanafunzi wa Ngara wamesimama karibu na daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, wakihesabu malori. Kila mstari wanaouchora daftarini, pamoja na siku na saa yake, ni data. Wastani wa malori kwa saa ni takwimu. Mwanafunzi akiambiwa "kusanya takwimu", atadhani wastani huo huokotwa barabarani kama kuni, wala hatauliza ni nani aliyehesabu, lini, na mpaka wapi.

Hasara yake huonekana anaposoma sensa. Mwaka 2002 wilaya ya Biharamulo ilikuwa na watu 410,794. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 323,486. Asiyezoea kuuliza ataandika kwamba watu wamehama au wamekufa. Kumbe Chato ilikuwa imekwisha kumegwa ikawa wilaya ya peke yake, na eneo lililohesabiwa halikuwa lile lile. Ngara nayo ilishuka kutoka watu 334,939 hadi 320,056. Hapo yapasa kwanza kuuliza habari za kambi ya wakimbizi ya Lukole, iliyokuwapo mwaka 2002 na ikafungwa kabla ya sensa ya 2012. Kasoro haimo katika tarakimu, bali katika kusahau zilikotoka.

Wako watakaosema kwamba "data" ni neno la kigeni. Ni kweli, lakini "takwimu" nalo tulilipokea kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayelionea ugeni. Wengine hupendelea "taarifa". Neno hilo ni pana mno, kwani hata tangazo la redioni ni taarifa.

Kwa hiyo yafaa mfasiri na mwalimu washike kanuni moja: data hukusanywa, takwimu hukokotolewa. Mwanafunzi wa leo ndiye ofisa wa kesho atakayegawa madawati na dawa kwa kufuata takwimu. Asipojua zilivyopatikana, atagawa kwa kubahatisha.