Ramani ya Kura za Indonesia, 1955

Uchaguzi mkuu wa kwanza wa Indonesia ulifanyika tarehe 29 Septemba 1955, miaka 10 baada ya Sukarno na Mohammad Hatta kutangaza uhuru, na karibu miaka 6 baada ya Uholanzi kukabidhi madaraka mwishoni mwa Desemba 1949. Katika kipindi hicho nchi iliendeshwa na bunge la muda ambalo wajumbe wake hawakuchaguliwa na wananchi. Vyama viligawana viti kwa kukadiria nguvu ya kila kimoja, na hakuna aliyejua makadirio hayo yana ukweli kiasi gani. Waliojiandikisha kupiga kura walizidi milioni 43, na kura halali zilizohesabiwa zilikuwa 37,785,299. Ndizo kura zilizoonyesha kwa mara ya kwanza nani anakubalika wapi, kuanzia Aceh hadi Maluku.

Utaratibu uliwekwa na Sheria Namba 7 ya mwaka 1953. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya kila raia aliyefikisha umri wa miaka 18, pamoja na yule ambaye hajafikisha umri huo lakini amekwisha kuoa au kuolewa. Askari walipiga kura kama raia wengine. Nchi iligawanywa katika majimbo 16 ya uchaguzi ambayo kwa jumla yalifuata mipaka ya mikoa. Jimbo moja, Irian Magharibi, lilikuwa bado mikononi mwa Waholanzi, kwa hiyo halikupiga kura na viti vyake 3 vilijazwa kwa uteuzi. Majimbo 15 yaliyobaki yaligawiwa viti 257, kwa hesabu ya mbunge mmoja kwa kila watu 300,000. Kipimo kilikuwa watu, wakiwemo watoto na wasiojiandikisha, wala hakikuwa idadi ya wapigakura. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilikuja kuathiri mgawanyo wa viti.

Ndani ya kila jimbo viti viligawanywa kwa uwiano. Kura zote halali za jimbo ziligawanywa kwa idadi ya viti vya jimbo hilo, na jibu lake likawa kigawo, yaani bei ya kiti kimoja. Kwa mfano, jimbo lenye kura 1,500,000 na viti 10 lingekuwa na kigawo cha 150,000. Chama kilichopata kura 400,000 humo kingechukua viti 2 na kubakiwa na kura 100,000 zisizotosha kiti cha tatu. Kura hizo hazikutupwa. Masalio ya majimbo yote yalikusanywa kitaifa ili kugawa viti vilivyobaki. Hivyo chama kidogo chenye wafuasi waliotawanyika visiwani kiliweza kupata kiti hata kama hakikufikia kigawo katika jimbo lolote. Utaratibu huu ulikuwa wa haki kwa wachache, na ndio uliofanya vyama na makundi 28 yaingie bungeni.

Usimamizi ulikuwa chini ya kamati zilizopangwa ngazi kwa ngazi, kuanzia kamati kuu ya taifa hadi kijijini, na wajumbe wa vyama mbalimbali waliketi humo pamoja wakitazamana. Mamilioni ya wapigakura hawakujua kusoma, kwa hiyo karatasi ya kura ilijaa nembo. PNI, chama cha kitaifa kilichojinasibisha na Sukarno, kilikuwa na kichwa cha fahali ndani ya pembetatu. Masyumi, chama kikuu cha Kiislamu, kilitumia mwezi na nyota. Nahdlatul Ulama kilikuwa na tufe la dunia lililozungushiwa kamba na nyota tisa. Chama cha Kikomunisti, PKI, kilitumia nyundo na mundu, na chini ya nembo yake kiliandika kwamba ni cha wakomunisti na pia cha watu wasio na chama. Hiyo ilikuwa mbinu ya makusudi ya kumvuta mwanakijiji ambaye hakuwa na kadi ya chama chochote. Mpigakura alichukua msumari, akatoboa nembo aliyoitaka, akakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Katika sehemu chache vifaa vilichelewa au usalama ulikuwa mdogo, na huko upigaji kura ulisogezwa mbele. Kwa nchi yenye maelfu ya visiwa na waasi wenye silaha katika mikoa kadhaa, shughuli ilikwenda kwa utulivu unaostahili heshima.

Kitaifa PNI kiliongoza kwa kura 8,434,653, sawa na asilimia 22.3, na kupata viti 57. Masyumi kilifuata kwa kura 7,903,886, asilimia 20.9, na viti 57 vilevile. Nahdlatul Ulama kilipata kura 6,955,141, asilimia 18.4, na viti 45. PKI kilipata kura 6,179,914, asilimia 16.4, na viti 39. Chama cha tano, PSII, nacho cha Kiislamu, hakikufikia hata asilimia 3. Chama cha kisoshalisti cha Sutan Sjahrir, waziri mkuu wa kwanza wa jamhuri, kilikuwa na viti 14 katika bunge la muda. Wananchi walipoulizwa, kilibaki na 5. Nahdlatul Ulama nacho kilipanda kutoka viti 8 hadi 45, na hapo makadirio ya miaka yote iliyotangulia yakaonekana hayakuwa na msingi.

Wasomaji wengi wa historia huishia kwenye orodha hiyo ya vyama vinne vilivyokaribiana. Orodha ya taifa zima inaficha jambo kubwa zaidi, nalo huonekana mara tu kura zinapotenganishwa jimbo kwa jimbo: vyama vitatu kati ya vinne vilikuwa vyama vya kisiwa kimoja.

Java wakati huo ilikuwa na takriban theluthi mbili ya watu wote wa Indonesia. Chama ambacho nguvu yake ingelingana nchi nzima kingetarajiwa kupata huko theluthi mbili ya kura zake. PKI kilipata Java karibu asilimia 89 ya kura zake zote, na nje ya kisiwa hicho kiliambulia kama laki saba tu. PNI na Nahdlatul Ulama vilipata Java zaidi ya sehemu nne kati ya tano za kura zao. Masyumi kilipata huko asilimia 51 tu, na nusu nyingine ikatoka Sumatra, Sulawesi, Kalimantan na visiwa vya mashariki. Nje ya Java, Masyumi kilichukua zaidi ya theluthi moja ya kura zote zilizopigwa, na hakuna chama kilichokikaribia.

Hata Java yenyewe haikuwa kitu kimoja. Java Mashariki ilikuwa ngome ya Nahdlatul Ulama, kilichopata huko kura 3,370,554, karibu nusu ya kura zake za nchi nzima. Ukanda wa Pasuruan na kisiwa cha Madura una vyuo vingi vya dini vya bweni, ambako sheikh wa chuo humfundisha kijana, humsuluhisha na jirani, humwombea dua mgonjwa wake, na siku ya uchaguzi neno lake husikilizwa kuliko la mgeni wa mjini. Nahdlatul Ulama, kilichoasisiwa Surabaya mwaka 1926 kama jumuiya ya wanazuoni, kilikuwa ndani ya Masyumi hadi kilipojitoa mwaka 1952. Viongozi wa Masyumi waliobaki walidhani wamepoteza jina tu na kwamba Waislamu wa vijijini wangebaki nao. Matokeo ya Java Mashariki yaliwajibu: Masyumi asilimia 11, Nahdlatul Ulama 34. PKI na PNI vilipata huko karibu asilimia 23 kila kimoja, PKI kikiwa na nguvu zaidi upande wa magharibi wa jimbo, kuelekea Kediri na Madiun.

Java ya Kati ilikuwa ya PNI kwa asilimia 33.5, kisha PKI kwa 25.8, na Nahdlatul Ulama kwa karibu 20. Hapa dini ilifuatwa kwa namna nyingine. Wakulima wengi walikuwa Waislamu walioshika pia mila za Kijava za kale, na hawakuvutiwa na chama kilichozungumzia dola kwa misingi ya sheria ya dini. PNI kiliwapata kupitia maofisa wa utawala na wakuu wa vijiji, mtandao uliorithiwa tangu enzi za ukoloni. PKI kiliwapata kupitia vyama vya wafanyakazi na wakulima, hasa kuzunguka Surakarta na Semarang. Ni vyema kukumbuka kwamba mwaka 1948 jaribio la wakomunisti la kushika madaraka Madiun lilizimwa kwa nguvu na viongozi wao kuuawa. Kwa chama kilichovunjwa namna hiyo, kupata robo ya kura za Java ya Kati baada ya miaka 7 ulikuwa ufufuo wa kustaajabisha.

Java Magharibi, nchi ya Wasunda, ilifanana zaidi na visiwa vya nje kuliko na majirani zake: Masyumi asilimia 26.5, PNI 22.1, PKI karibu 11.

Sumatra ilizungumza kwa sauti moja zaidi. Sumatra ya Kati, nyumbani kwa Waminangkabau na kwa Mohammad Natsir, mwenyekiti wa Masyumi, ilikipa chama hicho takriban nusu ya kura zake, na kura nyingi zilizosalia zilikwenda kwa Perti, chama kingine cha Kiislamu chenye mizizi huko huko. Sumatra Kusini ilikipa Masyumi karibu asilimia 43. Sumatra Kaskazini, iliyojumuisha Aceh, ilikipa kama 37, lakini Wabatak Wakristo wa Tapanuli walikiunga mkono chama cha Kiprotestanti, Parkindo. Sulawesi Kusini ilikipa Masyumi karibu asilimia 40. Miongoni mwa majimbo ya nje ya Java yaliyokwenda kinyume ilikuwamo Kalimantan Kusini, ambako Wabanjari na vyuo vyao vya dini walikipa Nahdlatul Ulama karibu nusu ya kura, na Masyumi kikashika nafasi ya pili. Kalimantan Magharibi chama cha Wadayak kilisimama imara. Minahasa na Maluku, Parkindo kilikuwa na wafuasi wengi. Flores na visiwa jirani, chama cha Kikatoliki. Bali, yenye Wahindu wengi, iliegemea PNI, na ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako wasoshalisti walipata kura za maana.

Ramani hii ndiyo inayoeleza kwa nini Masyumi kilipata viti sawa na PNI ilhali kilizidiwa kwa kura 530,767. Kila kiti cha Masyumi kiligharimu wastani wa kura 138,665, cha PNI 147,976, cha Nahdlatul Ulama 154,559, na cha PKI 158,459. Hakukuwa na hila. Viti viligawanywa kwa idadi ya watu, kwa hiyo jimbo ambalo watu wengi walijitokeza lilikuwa na kigawo kikubwa, na jimbo ambalo wachache walipiga kura lilikuwa na kigawo kidogo. Vijiji vya Java ya Kati na Java Mashariki vilikuwa rahisi kufikika na vilihamasishwa na vyama vitatu vilivyoshindana vikali. Ngome za Masyumi zilienea katika visiwa vyenye usafiri mgumu, na kadhaa kati yake, yaani Aceh, Java Magharibi na Sulawesi Kusini, zilisumbuliwa na uasi wa Darul Islam, vuguvugu lenye silaha lililotaka dola ya Kiislamu. Chama kilichokuwa na wafuasi mahali penye kura chache kililipa bei nafuu kwa kila mbunge.

Tarehe 15 Desemba 1955 wananchi walirudi vituoni kuchagua Bunge la Katiba. Sura ya mikoa ilibaki ileile: PNI viti 119, Masyumi 112, Nahdlatul Ulama 91, PKI 80. Mabadiliko pekee ya kutajwa ni kwamba PNI kiliongeza kura zaidi ya laki sita na Masyumi kikapungukiwa na zaidi ya laki moja.

Machi 1956 Ali Sastroamidjojo wa PNI aliunda serikali ya mseto pamoja na Masyumi na Nahdlatul Ulama. Kwa hesabu za bunge mseto huo ulikuwa na wingi wa kutosha, lakini ndani yake Masyumi kilikuwa mdomo wa visiwa vya nje vilivyozalisha mpira na mafuta ya kuuzwa ng'ambo, huku fedha za kigeni zikiamuliwa Jakarta. Malalamiko hayo hayakuwa na chombo kingine cha kuyabeba. Seneti ya shirikisho iliyokuwapo mwaka 1950 ilifutwa Agosti mwaka huohuo, nchi ilipogeuzwa kuwa ya muundo mmoja, na uwiano wa bunge moja ulimaanisha kwamba Java ingekuwa na kauli ya mwisho daima. Tarehe 1 Desemba 1956 Hatta, mzaliwa wa Sumatra, alijiuzulu umakamu wa rais, na kabla ya mwezi huo kwisha makamanda wa jeshi walikuwa wamechukua madaraka Padang na Medan kisiwani humo. Machi 1957 vuguvugu la Permesta, lililodai mamlaka zaidi kwa mikoa, lilitangazwa Makassar, Sulawesi Kusini, na Februari 1958 serikali ya waasi ikatangazwa Sumatra, Natsir akiwa miongoni mwa viongozi wake. Uasi ulizimwa. Rais Sukarno alivunja Bunge la Katiba kwa amri ya tarehe 5 Julai 1959, na mwaka 1960 Masyumi kikapigwa marufuku. Chama pekee kikubwa kilichokuwa na mizizi pande zote mbili za bahari kiliondolewa.

Kura hizo zilihesabiwa vizuri, na kasoro haikuwa katika sanduku la kura. Ilikuwa katika kuacha mikoa bila baraza la pili la kuongelea. Uchaguzi mwingine huru ulisubiriwa hadi tarehe 7 Juni 1999, na mwaka 2004 Waindonesia walichagua kwa mara ya kwanza Baraza la Wawakilishi wa Mikoa, ambamo kila mkoa hupeleka wajumbe 4, uwe na watu wengi kama Java Mashariki au wachache kama Maluku.